Kutoka na Watoto Kisumu kwa Pesa Kidogo: Mwongozo wa Kando ya Ziwa

Muulize mzazi wa Kisumu kwa nini hatoki na watoto wikendi, atakwambia ni pesa. Mdodose kidogo, utakuta tiketi ya getini haikuwa shida. Pesa iliishia kwenye soda ya kumnyamazisha mdogo, chipsi za saa nane kwa kuwa kila mtu alikuwa na njaa, na tuktuk ya kukimbilia nyumbani mvua ilipoanza kudondoka. Hasara zote tatu zina mzizi mmoja: familia ilitoka nyumbani saa tano.

Kando ya Ziwa Victoria, saa ndiyo bajeti. Asubuhi maji yametulia, wavuvi wanarudi na samaki, wanyama wako macho na mtoto ana nguvu za kutembea. Kuanzia saa sita upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, mawimbi hupanda, na jua la ikweta huchoma hata siku ya mawingu mepesi. Alasiri upepo huo hukutana na ule unaoshuka kutoka mashariki, mawingu hujijenga, na radi ikianza kunguruma upande wa Nandi ujue bado kidogo. Ndiyo maana mvua yetu hupenda kunyesha jioni, hata nje ya masika. Kwa hiyo fuata saa kwanza, halafu ndiyo ufuate ramani.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe

Chagua mahali pamoja. Pawili ikiwa tu pako njia moja, kama Hifadhi ya Impala na Dunga, ufuo wa wavuvi. Mzazi anayepanga makumbusho, swala, mtumbwi na machweo kwa siku moja atarudi na watoto wanaolia na mfuko mtupu.

Halafu gawa pesa kabla hujatoka. Chukua mfano wa wazazi wawili na watoto watatu wenye shilingi 2,000. Mimi ningetenga 600 za nauli, 800 za chakula, na 600 za kitu kimoja cha kulipia, kwa mfano mtumbwi. Siku ya kuingia hifadhini au makumbusho mpango unageuka: chakula chote kitoke nyumbani, na zile 800 ziende getini. Nauli ya kurudi iweke kando, kwenye mfuko mwingine kabisa au M-Pesa ya mzazi mwenzako, na isiguswe hata mtoto akililia barafu ya kunyonya.

Hifadhi ya Impala iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori, na jumba la makumbusho liko chini ya Makumbusho ya Kitaifa. Malipo ya taasisi za serikali hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, Paybill 222222. Ada hubadilishwa mara kwa mara na ya mtoto si sawa na ya mtu mzima, kwa hiyo iangalie humo jioni hiyo na ulipe ukiwa nyumbani kwenye mtandao mzuri, badala ya kusimama getini na simu iliyokwama huku watoto wakikuvuta sketi. Mtu akikwambia umtumie kwa namba yake ya simu "atakusaidia", mshukuru na uendelee na safari yako.

Kinachoingia kwenye mkoba

Maji ndiyo ya kwanza. Hesabu lita moja kwa kila mtoto, na uyatie kwenye chupa za shule au za chuma. Tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya imepiga marufuku plastiki za kutumika mara moja kwenye mbuga, fuo na misitu iliyohifadhiwa, kwa hiyo ile chupa ya maji ya dukani inaweza kuishia getini na wewe ukaingia mikono mitupu.

Chakula kiwe kile kisichoogopa joto: viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi, chapati za jana, au nyoyo (mahindi na maharagwe ya kuchemsha) iliyokaushwa vizuri isiwe na mchuzi. Njugu karanga zinafaa kwa wakubwa. Kwa walio chini ya miaka mitano ziache, wasije wakapaliwa. Yote yaingie kwenye mkebe wenye kifuniko kinachobana. Sababu yake utaiona ukifika Impala.

Kofia pana na shati jepesi la mikono mirefu humkinga mtoto na jua vizuri kuliko tone la mafuta ya bei ghali yanayooshwa na jasho. Soko la Kibuye hujaa mitumba, hasa Jumapili, na kofia za watoto hazikosekani. Ongeza karatasi ya chooni, sabuni kipande, nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto na mfuko wa kitambaa wa kurudishia taka. Ukipanga kukaa hadi giza liingie, beba suruali ndefu na dawa ya mbu. Eneo la ziwa lina malaria, na hili si la kufanyia mzaha.

Siku ya Dunga, saa kwa saa

Dunga ndiyo siku ninayoipendekeza kwa familia yoyote inayoanza, kwa sababu sehemu yake nzuri zaidi ni ya bure.

Ondokeni nyumbani saa moja, au saa moja na nusu mkiwa na mtoto mchanga. Kutoka katikati ya mji, tuktuk ndiyo inayofaa familia. Elewaneni bei kabla ya mtu yeyote kukaa: "Boss, Dunga ni ngapi tuktuk nzima? Si kwa kichwa." Neno *nzima* ndilo linalookoa pesa, maana kuna dereva atakayekutajia mia kisha mkifika aizidishe kwa idadi ya watoto. Bodaboda ni rahisi kwa mtu mmoja, lakini sheria inaruhusu abiria mmoja tu kwa pikipiki, na mama aliyepakiwa katikati ya watoto wawili barabarani si matembezi tena.

Mkifika mapema mtakuta mitumbwi ikiteremsha samaki. Waacheni watoto watazame. Mbuta huyu hapa, mkubwa, mdomo wazi, jicho linang'aa. Ngege yule pale, mpana na mwenye mwiba mgongoni. Na omena, dagaa wa ziwani, waliotandazwa juani kwenye nyavu wakimetameta kama misumari midogo. Wafundishe kusalimia kabla ya kunyooshea kidole: "Oyawore, mama." Mama anayeuza samaki akisalimiwa na mtoto kwa Kijaluo humwita karibu, humfungulia shavu la ngege amwonyeshe matamvua mekundu, na kumweleza jinsi ya kumjua samaki wa jana. Kama mnataka picha, ombeni kwanza. Watu wako kazini.

Kwa wakubwa kidogo, hapa pana somo zima. Ziwa hili lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Kenya ina kipande kidogo tu, kama asilimia 6, na sehemu kubwa ni ya Tanzania na Uganda. Maji yake hutokea Jinja, yakawa Mto Nile, yakaenda mpaka Misri. Mbuta naye ni mgeni: aliletwa ziwani miaka ya 1950, akawala samaki wengi wadogo waitwao fulu waliokuwa humu. Mtoto wa darasa la tano akisikia hayo akiwa amesimama mbele ya mbuta mzima, hutahitaji kumrudia.

Kisha geukeni upande wa mafunjo. Kinamasi cha Dunga kina ndege ambao huwakuti kirahisi kwingineko kwa sababu wanaishi ndani ya mafunjo tu, lakini hao ni wa watu wenye subira na darubini. Watoto waanze na mdiria, yule mweusi na mweupe. Husimama hewani akipiga mabawa mahali pamoja, kichwa kimeelekea chini, halafu ghafla hujitupa majini na kutoka na kisamaki. Msingwe wa kahawia anayetembea kwenye matope atakuwa wa pili, na tai mlasamaki, mwenye kichwa cheupe, mtamsikia kabla ya kumwona. Mpe kila mtoto karatasi achore kila ndege mpya anayemwona. Hapo ni saa nzima imepita na hujatoa shilingi.

*Agizeni samaki kabla ya mtumbwi.* Hili watu hulisahau. Samaki wa kukaangwa huchukua muda: atakatwa mistari ubavuni, atiwe chumvi, asubiri mafuta, na mbele yenu kuna wateja wengine. Ukiagiza mkishatoka majini mtakaa kwenye benchi karibu saa nzima, na ni katika saa hiyo ndipo soda tano hununuliwa. Kwa hiyo nenda kibandani, chagua samaki wako kwa mkono wako na uulize yote kwa pamoja: "Mama, huyu ni pesa ngapi akiwa tayari, na ugali na mboga ndani?" Bei ya samaki mbichi na ya sahani ni vitu viwili, na ugomvi mwingi wa ufukweni huzaliwa hapo. Ngege mmoja wa kujaza sahani huwatosha watoto wawili wadogo pamoja na ugali. Usikubali kuuziwa mmoja kwa kila kichwa.

Kwa aliye chini ya miaka minne, mbuta ni afadhali, kwa sababu hana miba midogo mingi. Mkiwa na ngege, mpe mtoto mnofu wa mgongoni, juu ya uti, ambao hutoka mzima ukiusukuma kwa kidole gumba kuelekea mkiani. Tumbo na mbavu, palipo na miba, waachie watu wazima. Uminye kwanza mkononi kabla ya kuutia kinywani mwake.

Mtumbwi, na jaketi

Mwisho wa kuingia majini na watoto, kwangu, ni saa nne. Baada ya hapo upepo huanza kubadilika, na ikifika saa nane sishauri kabisa.

Bei ya mtumbwi ni ya kuelewana, na hutajwa kwa mtumbwi mzima au kwa kichwa. Kwa familia, mtumbwi mzima kwa nusu saa ndiyo njia ya bei nafuu. Nusu saa inatosha: kuzunguka ukingo wa mafunjo, kuona mji kwa mbali, kuona wavuvi wakitega. Dakika ya arobaini mdogo huanza kuuliza nyumbani ni lini. Mkipata familia nyingine ufukweni, gawaneni gharama, ila hesabuni viti na jaketi kwanza. Ujirani mwema usijaze chombo kupita kiasi. Ufuo una kamati yake ya usimamizi, watu huiita BMU, na nahodha anayejulikana huko ndiye wa kupanda naye.

Sasa jaketi. Usikubali kuonyeshwa rundo na kuambiwa "ziko". Mvalishe kila mtoto mkiwa bado nchi kavu, funga vifungo vyote, kisha mshike jaketi mabegani na uinue. Likipanda mpaka masikioni huku mtoto amebaki pale pale chini, ni kubwa kwake, na majini litamtoka au litamziba uso. Likimwinua naye, linamfaa. Kama hakuna la ukubwa wake, mtoto huyo hapandi, na mzazi mmoja anabaki naye ufukweni. Hapo nahodha ataapa kwamba ziwa limetulia na kwamba hajawahi kupata shida. Mkubalie kwa heshima, na bado usipande.

Majini, watoto wakae katikati na mikono ibaki ndani. Viboko wakionekana, nahodha ndiye anayeamua umbali. Kuna wazazi humwambia "sogea kidogo tupate picha". Kiboko anaweza kuzama hapa na kuibukia chini ya chombo. Picha ya masikio mawili na pua kwa mbali inatosha.

Gugumaji nalo lina siku zake. Limo ziwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na husukumwa na upepo kutoka upande mmoja wa Ghuba ya Winam hadi mwingine, kiasi kwamba ufuo uliokuwa wazi jana unaweza kuamka leo umekuwa kama shamba la kijani. Kama una mtu wa kumpigia Dunga, mpigie asubuhi. Kama huna, na mkakuta limeziba, fungeni hesabu ya mtumbwi na muweke zile 600 za wiki ijayo.

Kwa nini watoto wasiingie ziwani

Watoto wataomba, na jua litakuwa linawasaidia kuomba. Jibu ni hapana, hata kwa kulowesha miguu tu.

Kichocho hukaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, hapo hapo mtoto anapotaka kuchezea. Konokono wadogo huachia vijidudu majini, na vijidudu hivyo hupenya kwenye ngozi. Si lazima anywe maji, wala awe na kidonda. Huku kwetu aina iliyozoeleka hushambulia utumbo na ini, kwa hiyo dalili zake ni kuumwa tumbo, kuhara, wakati mwingine damu kwenye choo, na huja wiki kadhaa baadaye wakati kila mtu ameshasahau matembezi. Mtoto aliyewahi kuingia majini akianza hivyo, mpeleke kituo cha afya na umtajie daktari ziwa. Dawa ipo na hutibu. Juu ya kichocho kuna mamba, na kuna sehemu ambapo kina hubadilika ghafla.

Kama hamu ya kuogelea ni kubwa, itengee siku yake. Hoteli kadhaa za mjini huruhusu watoto kutumia bwawa kwa ada ya siku. Piga simu uulize mambo mawili: ada ni ya mtoto peke yake au hata mzazi aliyekaa kando analipa, na je, lazima mnunue chakula chao? Majibu ya maswali hayo mawili huonyesha bwawa lipi ni rahisi kwa kweli na lipi ni rahisi kwenye bango tu. Nendeni saa tatu, tokeni saa sita.

Impala, na tumbili wake

Hifadhi ya Impala ilitangazwa rasmi mwaka 1992, na ni ndogo, chini ya nusu ya kilomita ya mraba. Udogo huo ndio faida kwa familia: mtoto wa miaka minne anaweza kuizunguka kwa miguu yake, na hakuna haja ya gari. Swala pala hutembea huru. Waulize watoto kwa nini wengine wana pembe na wengine hawana, wagundue wenyewe kwamba ni madume tu. Mwenye bahati ataona nzohe, swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zilizopanuka. Simba, chui na wengine wako kwenye vizimba. Watoto huwakimbilia hao kwanza, lakini mimi huona sehemu nzuri zaidi ni kivuli cha miti iliyo karibu na maji.

Tumbili ndio wenye mji humo. Hawaogopi watu, na wanatambua mfuko wa mkate kwa sauti yake. Mtoto asishike chakula mkononi akitembea. Kaeni chini, wakubwa kwa nje, wadogo kwa ndani, fungueni mkebe, kuleni, fungeni. Tumbili akinyakua ndizi, mwachieni. Anayemng'ang'ania ndiye anayeng'atwa.

Ingieni geti linapofunguliwa asubuhi, malizeni kabla ya saa nne, na kama miguu bado ina nguvu endeleeni Dunga kwa barabara hiyo hiyo.

Makumbusho, kwa siku ya mawingu

Jumba la makumbusho la Kisumu lilifunguliwa mwaka 1980 na unaweza kulifikia kwa miguu kutoka mjini. Kuna matangi ya samaki wa ziwani, nyoka, mamba, kobe, na boma kamili la Kijaluo. Msipite boma hilo mbio. Nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, hutazamana na lango. Simba, yaani nyumba za vijana wa kiume, ziko karibu na lango. Ghala la nafaka liko uani. Waulize watoto wangelala wapi, na nani angemwona mgeni wa kwanza. Kama nyanya yao yuko hai na mnaweza kumbeba, mbebeni: atawaeleza mengi kuliko kibao chochote.

Machweo ya Hippo Point

Hii ndiyo ruhusa pekee ya kutoka jioni. Kufika hapo ni bure, jua huzama karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini, na viboko msiwategemee, licha ya jina. Nendeni siku ambayo mchana haukuwa na mawingu mazito upande wa mashariki. Mkivumilia hadi giza, na mwezi ukiwa haupo, mtaona taa za wavuvi wa omena zikiwaka moja moja juu ya maji mpaka ziwa lionekane kama mji mwingine. Kati ya Aprili na Julai uvuvi wa omena hufungwa, kwa hiyo taa mzitarajie miezi mingine. Tuktuk ya kurudi ielewaneni mapema na yule yule aliyewaleta, maana dereva wa gizani hupanga bei anavyotaka.

Nje ya mji

*Kit Mikayi* iko kama kilomita 30 kutoka Kisumu, kwenye barabara ya Bondo baada ya kuiacha ya Busia pale Kisian. Mwambieni kondakta "Kit Mikayi" naye atawashusha. Mawe yenyewe ni mwendo mfupi kutoka barabarani. Ni mawe makubwa mno yaliyorundikana, na kati yake kuna mapango. Hadithi inayosimuliwa ni ya mzee aliyeyapenda mawe hayo hata akashinda humo siku nzima, mkewe akimletea chakula. Watu wakimuuliza mama mumewe yuko wapi, akajibu yuko kwa mke wake wa kwanza, jiwe. Wasimulieni watoto mkiwa kwenye matatu, wafike wakiwa na hamu. Waumini huja kusali na kufunga mapangoni, kwa hiyo sauti zishushwe. Viatu viwe vya mpira wenye meno, na mvua ikiwa imenyesha usiku msipande. Jiwe lililolowa halina rafiki. Wa chini ya miaka mitano wabaki chini na mzazi mmoja.

*Maseno*, kama kilomita 25 kwenye barabara ya Busia, ndipo ikweta inapopita, na alama ipo. Siku ya kawaida mtapiga picha mguu mmoja kaskazini mwingine kusini, na kwa dakika kumi mmemaliza. Lakini mkienda karibu na tarehe 20 Machi au 22 Septemba, simamisheni kijiti wima kwenye udongo kuanzia saa sita na robo na mtazame kivuli. Kitafupika, kitafupika, na karibu saa saba kasoro dakika kumi mwezi Machi, au saa sita na dakika thelathini na tano mwezi Septemba, kitapotea. Hapa kwetu jua hufika utosini baada ya saa sita kwa sababu saa ya Kenya hufuata mstari ulio mashariki zaidi yetu. Kofia siku hiyo ni lazima. Mtu akija na beseni kuwaonyesha kwamba maji huzunguka kulia upande huu na kushoto upande ule, furahieni mchezo wake, lakini mwambieni mtoto ukweli: mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuyageuza maji ya beseni. Mkono unaoyamimina ndio unaoyazungusha.

*Msitu wa Kakamega* uko mbali zaidi, mji wa Kakamega ukiwa kama kilomita 50, na ni wa watoto wa miaka saba kwenda juu wanaoweza kutembea saa mbili. Kuna milango miwili. Buyangu, upande wa kaskazini, iko chini ya KWS. Isecheno, upande wa Shinyalu, iko chini ya idara ya misitu, na kwa familia inayotumia matatu ni rahisi kufika: panda ya Kakamega, shuka Khayega, kisha tafuta usafiri wa Shinyalu. Chukueni mwongozaji wa hapo hapo, elewaneni saa na bei, na mwambieni mko na watoto asije akawapeleka njia ndefu. Mtaona mbega weusi wenye mkia mweupe wakiruka juu kabisa ya miti, kima, na vipepeo wengi kuliko mtoto awezavyo kuhesabu. Msitu hupata mvua karibu kila alasiri, na chini ya miti giza huingia mapema kuliko barabarani. Muwe mmetoka ndani saa saba. Mkibakiwa na pesa kidogo, simameni Ilesi, kabla ya kufika mji wa Kakamega, palipo na lile jiwe linaloitwa Jiwe Linalolia na wafinyanzi wa vyungu: chungu kidogo cha mtoto ni rahisi kuliko mdoli wa plastiki. Kifungeni ndani ya ile nguo ya kubadilisha, na mpande matatu ya Kisumu kabla ya saa kumi, kwa sababu baada ya hapo nauli hupanda na viti vya kukaa na watoto pamoja huisha.